Vibuyu Mia Tatu vya Tamarilo

San Francisco, 10 Mei 1999

Mdogo wangu Fortunato,

Binamu Delfina amenipa anwani ya kibanda cha intaneti cha Bi Zoraida, kwa hiyo barua hii utaikuta Jumapili ukiteremka sokoni Huancayo. Akikutoza hela ya kukuchapia, lipa. Ina jambo.

Unakijua kile kibuyu alichonichongea Mama nilipoondoka, chenye harusi ya shangazi na punda aliyekula keki. Nakiweka mezani kazini. Wiki iliyopita mkuu wangu wa manunuzi, Brooke, alikishika akakigeuzageuza mpaka chakula chake kikapoa. Ana miaka ishirini na sita na ananiita Linda, kwa sababu jina zima linamchosha. Akaniuliza, "Linda, mtu anaweza kupata vingapi vya namna hii?" Nikamwambia kwetu Cochas kijiji kizima kinachonga.

Kampuni yetu, Tamarilo, inauza vyombo vya nyumbani: sufuria, taa, mashuka. Duka lenyewe halina mlango wala ngazi, liko ndani ya intaneti. Ndiyo, wameipa jina la lile tunda letu chachu, na hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kulionja. Mwezi wa kumi na moja itauza hisa zake sokoni, na siku hiyo kila mfanyakazi na kila mwekezaji atapewa zawadi. Brooke anataka vibuyu mia tatu. Nusu ya malipo mnapewa sasa, nusu vikifika.

Mchoro unakuja kwa posta. Una picha nne: mwanzilishi akiwa gerejini kwa baba yake, waya wa simu, gari la mizigo, na mama anayefungua sanduku. Wanataka hivyohivyo kwenye vibuyu vyote.

Unakumbuka Bwana Rolando alivyokirusha kibuyu cha Delfina mezani ghalani kwake akasema kina ufa na atampa nusu bei, kumbe ufa wenyewe ni unywele? Nataka mambo hayo yaishe. Zikusanye familia uniletee jibu.

Dada yako,
Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 30 Mei 1999

Dada Hermelinda,

Mchoro umefika, na nusu ya malipo imefika. Natumia vidole viwili kuandika na Bi Zoraida amesimama nyuma yangu akisema, "Baba, hiyo mashine haiumi, iguse." Kwa hiyo nitakwenda kwa mpangilio.

Kwanza, mkutano. Tumekubaliana familia kumi na mbili. Tulikaa kwetu, Mama akapika viazi, na kila mtu alisema lake.

Pili, Bwana Rolando. Alisikia kabla viazi havijapoa. Alikuja na gari lake mpaka uwanjani, akateremsha kioo na kusema, "Haya. Anayeiuzia kompyuta, siku ya njaa aile kompyuta." Delfina akamjibu, "Tutaila, Bwana Rolando, mradi haina ufa." Watu walicheka sana, lakini kesho yake akapeleka ujumbe kila nyumba: ghala lake limefungwa kwa familia zote kumi na mbili, leo na hata milele. Na unajua hakuna mnunuzi mwingine wa jumla kuanzia hapa mpaka Lima. Kwa hiyo dada, mlango wa nyuma umefungwa. Umebaki huu wako.

Tatu, Mama. Aliushika mchoro, akaugeuza chini juu, akaurudisha. Akasema, "Mzuri. Huyu yuko gerejini, ana waya, ana gari, halafu mama anafungua sanduku. Halafu?"

Nikamwambia, "Hakuna halafu, Mama. Ndiyo mwisho."

Alinitazama kana kwamba nimemletea kuku asiye na miguu.

Anauliza kama ni lazima vyote vifanane. Anasema hata mikate ya tanuri moja haifanani.

Mdogo wako,
Fortunato

*

San Francisco, 14 Juni 1999

Mdogo wangu,

Mwambie Mama ndiyo, ni lazima. Mweleze hivi: katika duka la intaneti mteja haoni kitu, anaona picha ya kitu. Picha ni moja, na watu elfu wanainunua. Sufuria ikimfikia mtu ina mpini tofauti na ule wa kwenye picha, anairudisha. Biashara nzima imesimama hapo.

Na msiogope kuhusu mlango. Huku mambo yanakimbia kwa namna ambayo sijapata kuona. Chakula cha mchana bure. Kuna meza ya mpira wa vijiti katikati ya ofisi. Mbwa wa Brooke anakuja kazini kila siku, na wamempa kitambulisho chenye picha yake kinachoning'inia shingoni. Mlinzi anakikagua asubuhi kwa uso mkavu kabisa. Mimi niliyeanza kwa kupokea simu za wateja wanaozungumza lugha yetu, sasa nina meza yangu na hisa zangu.

Ulitaka kujua kwenye simu faida ni kiasi gani. Hilo huku haliulizwi. Ukiuliza ni kama umeingia kwenye harusi na kumuuliza bibi harusi ana meno mangapi. Kampuni bado haijapata faida. Kila mwezi inapoteza zaidi, na kila ikipoteza zaidi magazeti yanaisifu zaidi, kwa sababu anayepoteza leo ndiye atakayekuwa mkubwa kesho. Nilifikiri wananitania. Sasa naona wanajua wanachokifanya.

Vifanane.

Dada yako,
Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 22 Agosti 1999

Dada,

Nimerudi jana kutoka pwani. Nilikwenda mwenyewe mashambani kuchagua vibuyu, kimoja kimoja, ukubwa wa ngumi mbili, visivyo na doa. Ilinibidi niende mara mbili, kwa sababu shehena ya kwanza ilitosha nusu tu. Lori liliharibika njiani, nikalala juu ya vibuyu, na sikuvunja hata kimoja.

Nilipoondoka niliuacha mchoro kwa Mama aanzishe kazi. Nimekuta imesonga mbele kuliko nilivyotegemea. Delfina anachonga haraka, na wazee wawili wa mtaa wa juu wanaunguza rangi kwa kijinga cha moto vizuri ajabu, kahawia mpaka unaona pumzi ya mtu. Bwana wa gereji yumo. Waya umo. Gari limo. Barua zako nawasomea wote jioni, kila neno, nao wanazipenda mno. Ile ya mbwa nimeisoma mara tatu.

Mama anasema umwambie Brooke atashiba.

Kuhusu kufanana, tutazungumza.

Fortunato

*

San Francisco, 30 Agosti 1999

Fortunato,

Kuhusu kufanana hatutazungumza. Vifanane.

Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 10 Oktoba 1999

Dada Hermelinda,

Masanduku yameondoka Lima kwa ndege. Kila kibuyu kimefungwa kwa manyasi makavu na gazeti. Familia zote zilikuja kuaga lori, na Delfina alitaka kulimwagia chicha ya mahindi kwenye gurudumu kwa baraka, dereva akakataa, basi Delfina akakimwagia kiatu cha dereva.

Ninakuomba jambo moja. Fungua wewe kwanza, peke yako, na ukae navyo kidogo kabla ya kumwita mtu.

Mdogo wako,
Fortunato

*

San Francisco, 29 Oktoba 1999

Fortunato,

Sikuvifungua peke yangu. Brooke aliita idara nzima. Wakavipanga kwenye meza ndefu ya mikutano, mstari kwa mstari, ili mpiga picha apate picha.

Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri. Gereji, waya, gari, sanduku. Halafu Brooke akaokota kimoja cha mstari wa pili. "Linda, hiki kina daraja. Mchoro wetu hauna daraja." Kweli, gari letu limekwama darajani kwenye mvua na watu wanalisukuma. Akaokota kingine: kuku wametoroka garini. Kingine: mama wa sanduku amekuta sufuria isiyo yake na anaenda kugombana. Kingine kina bibi harusi amefungua kinywa na watu wanamhesabu meno. Halafu akakishika kimoja akakisogeza dirishani. "Hiki kina mbwa wangu." Mbwa, mdogo wangu, na kitambulisho shingoni, akiwa amebebwa juu kwenye kanivali kama mtakatifu.

Hakuna viwili vinavyofanana. Nilisimama pale watu ishirini wakinitazama. Mimi ndiye niliyesema kwa mdomo wangu, "Ndugu yangu ni mtu wa utaratibu."

Wakubwa wamesema hiyo si zawadi, ni machafuko. Vimepelekwa stoo. Nusu ya pili ya malipo imezuiwa. Na vilikuwa mia tatu kasoro kimoja. Hata kuhesabu mmeshindwa?

Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 7 Novemba 1999

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama.

Umeondoka miaka tisa, kwa hiyo nakukumbusha kitu unachokijua. Jirani akikuletea supu, sahani yake unairudishaje? Haijapata kutokea katika nyumba yetu sahani ikarudi tupu. Unaweka mahindi, unaweka jibini, hata kama ni yai moja. Mnunuzi anayekuja Cochas na picha amekuletea sahani. Picha yake ni mwanzo. Ukimrudishia picha ileile umemrudishia sahani tupu, umemwambia chakula chako sikukila. Familia kumi na mbili zilipokea mwanzo, zikagawana: hii ikaanza pale jirani alipoishia. Niliporudi kutoka pwani nilikuta nusu imeshachongwa. Ningewaambia wavitupe?

Sikukuambia kwa sababu ungesema nivitupe.

Hayo si machafuko. Mama anasema waambie hivi: mtu wa mwisho kwenye kibuyu kimoja ndiye wa kwanza kwenye kinachofuata. Wakivipanga hivyo watasoma hadithi moja kuanzia gerejini. Kasoro ile ya kimoja nitakueleza siku nyingine. Hatukukosea kuhesabu.

Bwana Rolando amepita akipiga honi. Alimwuliza Delfina, "Hiyo kompyuta mnaila na chumvi, au tupu?" Watoto wa Delfina walikuwa mlangoni. Familia hazinilaumu kwa maneno. Zinaniuliza tu, kila Jumapili nikipanda kutoka mjini, kama dada ameandika.

Uandike.

Fortunato

*

San Francisco, 20 Januari 2000

Mdogo wangu,

Mambo ni mazuri. Uuzaji wa hisa umesogezwa mpaka mwezi wa nne, kwa sababu wanangoja saa nzuri zaidi ya soko. Baada ya hapo nusu ya pili italipwa, nimeahidiwa. Tumebaki wachache ofisini na sasa kuna nafasi, hata sauti inasikika vizuri. Chakula cha mchana tunaleta wenyewe, jambo ambalo naliona lina afya.

Wasalimie wote. Waambie nimeandika.

Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 16 Aprili 2000

Dada Hermelinda,

Nitaandika wazi, kwa kuwa mimi sijui kuandika namna nyingine.

Bi Zoraida anasoma magazeti ya nje kwenye mashine zake. Leo nilipoingia aliweka mkono juu ya kiti changu akasema, "Baba, kaa kwanza." Soko la huko limeanguka wiki nzima. Kampuni za intaneti ndizo zinazoanguka kwa kishindo zaidi, na wanaandika kwamba watu wameanza kuuliza faida.

Barua yako ya Januari nilimsomea Mama. Ulipoandika kwamba sauti inasikika vizuri ofisini, aliacha kuchonga. Akasema, "Mtoto wangu amekaa kwenye nyumba inayohamwa."

Sisi tuko salama kuliko unavyodhani. Nimepanda viazi zaidi. Delfina anashona. Wengine wawili wamekwenda migodini, lakini visu vyao wameviacha kwangu, hawakuviuza. Mtu aliyekata tamaa huuza kisu. Kwa hiyo usitufiche kwa kutuhurumia. Niambie kilichopo.

Mdogo wako,
Fortunato

*

San Francisco, 6 Mei 2000

Mdogo wangu Fortunato,

Tamarilo imefungwa jana.

Walituita asubuhi, wakatuambia tutoke kabla ya saa sita na vitu vyetu. Hisa zangu hazinunui kikombe cha kahawa. Watu wa mnada walikuwa tayari wanabandika karatasi kwenye viti, na mmoja alibandika kwenye kiti ambacho bado nilikuwa nimekikalia.

Brooke alinifuata na ufunguo wa stoo. Macho mekundu, mbwa nyuma yake. Akasema, "Linda, vile vibuyu hatukumaliza kuvilipia. Kwa hiyo si vya kampuni na si vya benki. Ni vya kwenu. Vichukue uviuze kabla hawa hawajafika huko."

Nilifungua stoo. Nilikuwa na uwezo wa kuviuza, ni kweli. Lakini nje ya mlango walisimama watu wote niliofanya nao kazi, kila mmoja na sanduku la karatasi mkononi, na ndani ya sanduku kikombe na picha ya mtoto. Walifanya kazi miaka miwili, na hawakupewa hata mkono.

Nimevigawa, Fortunato. Kabla hujakasirika sikiliza. Nilimwambia kila mmoja, "Hiki amekichonga mtu fulani wa kwetu na hajalipwa. Ukipata kazi, utamlipa." Nikaandika anwani ya Bi Zoraida kwenye karatasi za mnada, maana ndizo zilizokuwapo, nikawapa. Waliofukuzwa Januari nimewawekea vyao, nitawapelekea.

Sasa sikiliza kilichotokea barabarani. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Kuna mtengeneza programu anaitwa Desmond, mrefu kama nguzo, sijapata kumsikia akimaliza sentensi. Alikuwa anakitazama kibuyu chake. Akatazama cha mwanamke wa uhasibu. Akasema kwa sauti, "Wewe mwenye skafu. Mtu wako mwenye kuku. Ametoka kwangu."

Mwanamke akasema, "Ametokaje kwako?"

"Kwangu anafungua mlango wa gari. Kwako anawakimbiza."

Halafu mwingine akapaza sauti, "Nani ana daraja? Mimi nina mvua tu, nani ana daraja?" Na mwingine, "Daraja ninalo, njoo huku." Wakaanza kubadilishana nafasi pale kando ya barabara, wakajipanga kama watoto wa shule, mpaka watu wa mnada wakatoka kututazama. Nilitembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho nikiwasomea, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kusoma. Walicheka, Fortunato. Niliona barua zangu zote mle. Brooke alikuwa karibu na mwisho, na mbwa wake wa kanivali. Akaniuliza, "Halafu?"

Nikamsikia Mama.

Uliniambia nivipange, nami sikuvipanga miezi sita. Nilikuwa naona aibu kwa kitu ambacho sikukitazama.

Kazi nitapata. Mwambie Mama ile nyumba nimeshahama.

Dada yako,
Hermelinda

*

Huancayo, Jumapili 25 Juni 2000

Dada Hermelinda,

Sikukasirika. Nilihesabu mpaka kumi na mbili, jina la familia moja kwa kila namba, ndipo nikaenda kuwaambia. Delfina akasema, "Basi sahani zetu ziko nje. Zitarudi."

Sasa nakupa habari kwa mpangilio.

Bi Zoraida amenitengea mashine moja kila Jumapili, kwa sababu barua za hao watu wako wa huko zimejaa mpaka wateja wake wanagombana. Wa kwanza kuandika alikuwa Desmond. Ametengeneza ukurasa kwenye intaneti ambapo kila mtu anaweka picha ya kibuyu chake na kutafuta jirani zake. Bi Zoraida ametufungulia tukauona. Mama aliusogelea akataka kugusa kioo. Akasema, "Kumbe wamekaa pamoja."

Malipo yameanza. Mwenye skafu alikuwa wa pili. Wengine wamepata kazi, wengine hawajapata na wamelipa hivyohivyo.

Lililonishangaza ni hili. Watu ambao hawakufanya kazi Tamarilo wanaandika. Wanasema kampuni yao nayo imekufa, au inakaribia, na wanaomba vibuyu vyao. Nimewajibu wote jibu moja: tuandikieni mwanzo tu. Wanaandika kurasa na kurasa. Nawasomea watu jioni. Wale wawili wamerudi kutoka migodini wakachukua visu vyao.

Bwana Rolando alikuja juzi, safari hii kwa miguu. Alisema amesikia tuna kazi nyingi na yeye yuko tayari kutununulia, yaliyopita si ndwele. Delfina hakuinua hata uso. "Panga foleni, Bwana Rolando. Tunamaliza ya kompyuta kwanza." Alisogea kwangu. Halafu akaniuliza chinichini kama ni kweli kuna kibuyu chenye mbwa.

Sasa kile kimoja kilichopungua. Desmond ameandika mara tatu akiuliza, kwa kuwa ukurasa wake una pengo mwishoni. Kipo. Kiko kwenye rafu ya Mama, juu ya jiko. Kina sherehe inayoisha: muziki umekoma, mlango mkubwa umefunguliwa, na watu wanatoka kila mmoja na furushi lake. Alikichonga mwezi wa tisa mwaka jana, wakati wewe ukila chakula cha bure. Nilimwuliza alijuaje. Akasema hakujua chochote, ila hajaona sherehe isiyoisha.

Lakini nakshi inafika katikati tu. Nusu ya pili ni kibuyu kitupu, laini, hakijaguswa. Ndiyo maana hakutaka kiondoke. Anasema, "Wanavyotoka najua. Wakishafika kwao wanafanya nini, hilo silijui, na sitachonga uongo. Aje Hermelinda anisimulie."

Mdogo wako,
Fortunato

*

San Francisco, 3 Julai 2000

Mdogo wangu Fortunato,

Nimewaandikia wote swali la Mama, na majibu yamejaa begi. Desmond amerudi kwa mama yake, anawatengenezea majirani kompyuta na sasa anamaliza sentensi. Mwenye skafu anafundisha hesabu shuleni. Brooke anauza maua kwenye kibanda chenye mlango wa kweli, na mbwa amekataa kuvua kitambulisho. Mimi nitakuwa mtu wenu wa huku: maagizo yote yatapitia kwangu, na wa kwanza atakayetaka vifanane nitamrudishia barua yake.

Nafika Lima tarehe ishirini na sita, Huancayo kesho yake. Sahani siji nayo tupu.

Mwambie Mama anoe kisu.

Dada yako,
Hermelinda